Kifaru Ana Chipu, Kitabu Hakina: Stori ya Tagi za Maktaba Kutoka Moscow Hadi Voi

Wasee wa Voi, hebu tuhesabu kidogo. Mwaka 2013 shirika la WWF liliipa KWS chipu 1,000 na skana 5, chipu ziwekwe ndani ya pembe za vifaru wa Kenya. Pembe ikishikwa bandarini au uwanja wa ndege, inasomwa na inajulikana ilitoka kwa mnyama gani. Machi 2016, SGR ikiwa bado inajengwa, ndovu 10 wa Tsavo walivishwa kola za GPS ili watafiti waone wanavukaje reli. Na tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo, kwa hivyo kontena zinazopita hapa barabarani zikielekea mpakani zina mihuri ya elektroniki. Lori likisimama mahali halifai kusimama, kuna mtu ofisini anaona kwenye skrini.

Sasa ingia maktaba uulize kitabu kimoja. Kimoja tu.

Kuna wakati nilitafuta kitabu fulani cha historia wiki nzima, kwa maktaba ambayo sitaitaja. Katalogi ilisema kipo. Mkutubi alisema kipo. Rafu ilisema hakipo. Hakikuwa kimeibwa, hakikuwa kimeazimwa, kilikuwa tu kimepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tunaishi kwa kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake ni mbuga, na mnyama anayetembea kilomita nyingi kwa siku tunajua aliko kuliko kitabu ambacho hakina miguu.

Dawa ya ugonjwa huo ipo na si ngeni. Inaitwa RFID, yaani utambuzi kwa mawimbi ya redio. Unabandika tagi ndogo ndani ya kitabu, unampa msomaji kadi ya chipu, na mashine inafanya kazi ya kuazimisha na kurudisha. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya tayari vinatumia. Mimi nataka ifike kwa maktaba zetu za umma, kuanzia Voi hadi Wundanyi na Taveta. Lakini nataka ije na sharti moja: tagi ifuate kitabu, isimfuate msomaji. Ili uelewe kwa nini nashikilia hapo, twende nyuma kidogo.

Nani anaaminiwa na kitabu?

Kila maktaba duniani inakaa juu ya swali moja: nikikupa kitabu, utakirudisha? Ulaya ya zamani, kitabu kimoja kiliandikwa kwa mkono na kilikuwa mali ya thamani, kwa hivyo jibu lilikuwa mnyororo. Kanisa kuu la Hereford, Uingereza, bado lina maktaba ambayo vitabu vimefungwa kwa minyororo ya chuma kwenye rafu. Unasoma hapo hapo, kisha unaenda zako.

Huku kwetu vitabu vilikuja na wamishonari. J. A. Wray wa CMS alifika Sagalla, ule mlima tunaouona kila asubuhi, mwaka 1883. Mwaka 1894 kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kitaita kilichapishwa. Mwaka uliofuata, 1895, wamishonari wa Taveta walianza kutoa Taveta Chronicle, moja ya majarida ya kwanza kabisa katika nchi ambayo leo inaitwa Kenya. Kwa hivyo mtu akikuambia Taita Taveta ni ya ndovu na mkonge tu, mwambie sisi tulikuwa na jarida kabla Nairobi haijakuwa mji.

Kutoka hapo, swali la nani anaaminiwa na kitabu likaanza kujibiwa kwa sheria za mkoloni. Mombasa ilipata Maktaba ya Seif bin Salim mwaka 1903. Nairobi ikapata McMillan mwaka 1931, ile nyumba yenye nguzo na simba wa mawe mlangoni. Lakini McMillan kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika angeweza kufagia ngazi zake, sio kupanda akaazime kitabu. Mwaka 1962, uhuru ukikaribia, ndipo ikawa chini ya Baraza la Jiji na milango ikawa ya kila mtu. Katikati hapo, mwaka 1948, kukaanzishwa East African Literature Bureau, ambayo ilituma vitabu kwa masanduku na kwa posta hadi vijijini. Halafu mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuunda huduma ya maktaba ya taifa, hii tunayoiita KNLS.

Kwa hivyo uaminifu ulihama. Ulitoka kwa rangi ya ngozi ukaenda kwa karatasi. Maktaba nyingi za umma zilikuwa zinataka fomu, picha, kitambulisho, na mdhamini, mara nyingi mtu mwenye kazi ya kueleweka, na mwajiri agonge mhuri. Hiyo ni haki kuliko rangi, sikatai. Lakini kama mama yako anauza maembe pale steji na baba yako ni fundi wa baiskeli, mhuri huo utatoka wapi? Mnyororo haukuisha, ulibadilika tu ukawa fomu.

Karatasi iliyojua kusahau

Hapa ndipo stori inanoga. Kabla ya kompyuta, maktaba nyingi zenye asili ya Kiingereza, zikiwemo za Afrika Mashariki, zilitumia mfumo unaoitwa Browne. Jina linatoka kwa mkutubi wa Marekani, Nina Browne, aliyeubuni miaka ya 1890. Ulifanya kazi hivi.

Kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndogo ndani ya mfuko uliogundishwa kwenye jalada. Kila msomaji alipewa vifuko vidogo vya karatasi ngumu vyenye jina lake, tuseme vitatu. Ukiazima kitabu, mkutubi anatoa kadi ya kitabu, anaiingiza kwa kifuko chako, na vyote viwili vinawekwa kwenye trei kufuatana na tarehe. Anagonga mhuri wa tarehe ya kurudisha. Pa! Unaondoka. Ukirudisha, anatafuta kwenye trei, kadi inarudi kwa kitabu, kifuko kinarudi kwako.

Sasa ona uzuri wake. Kadi ikisharudi, hakuna mahali popote palipobaki rekodi kwamba wewe uliwahi kusoma kitabu hicho. Trei inajua tu vitabu vilivyo nje leo. Ya jana imesahau. Hakuna aliyeweza kuja kesho akauliza "huyu kijana alikuwa anasoma nini mwaka jana?" akajibiwa.

Kulikuwa na mfumo mwingine wa Marekani, uliopewa jina la mji wa Newark, ambapo namba ya msomaji iliandikwa kwenye kadi ya kitabu. Huo ulikumbuka. Kadi ilibaki na orodha ya kila mtu aliyewahi kukiazima, mstari chini ya mstari. Kumbe hata karatasi inaweza kusahau au kukumbuka, kulingana na aliyeipanga. Shika hiyo, tutairudia.

Ubaya wa Browne ulikuwa kazi. Kadi moja ikiingizwa pahali pabaya kwenye trei, mkutubi anatafuta hadi jasho limtoke na foleni inaongezeka. Mtu aliyesomea ukutubi, anayeweza kukuambia kitabu gani kitakusaidia na insha yako, anashinda siku nzima akipanga karatasi.

Kisha kukaja bakodi. Juni 1974, duka moja la Ohio, Marekani, liliuza pakiti ya chingamu kwa kupitisha mistari yake kwenye skana, na hiyo ndiyo ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa hivyo. Maktaba zikaichukua. Mwezi Januari mwaka 2000, maktaba moja huko New Zealand ilianza kutumia programu yake mpya iitwayo Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Waliitoa bure dunia nzima iitumie, na leo maktaba nyingi za Kenya zinaitumia. Zawadi ya kweli hiyo.

Lakini bakodi ina shida zake. Lazima ionekane. Lazima kitabu kifunguliwe au kigeuzwe, kimoja kimoja, kama makanga anayehesabu sarafu. Na skana ya bakodi haiwezi kukutafutia kitabu kilichofichwa, kwa sababu yenyewe inasoma tu kile ulichokwisha kupata.

Babu wa tagi alikuwa jasusi

Teknolojia ya RFID ilianzia vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Uingereza zilifungwa vifaa vilivyojibu mawimbi ya rada, ili walioko chini wajue huyu ni wetu au ni adui. Wazo ni lile lile la tagi: mimi nakutumia mawimbi, wewe unanijibu wewe ni nani.

Halafu mwaka 1945, watoto wa shule wa Kisovieti walimpelekea balozi wa Marekani mjini Moscow zawadi, nembo ya Marekani iliyochongwa kwa mbao. Balozi akaitundika ukutani, kazi safi. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kunasa sauti kilichobuniwa na Leon Theremin. Hakikuwa na betri. Hakikuwa na waya. Kilikaa kimya hadi Wasovieti walipokielekezea mawimbi ya redio kutoka nje, na hapo ndipo kilipoamka na kurudisha sauti za chumbani. Kiligunduliwa mwaka 1952, baada ya miaka 7 ya kusikiliza mabalozi wakiongea siri zao.

Kitu kisicho na betri, kinacholala hadi kiguswe na mawimbi, kisha kinaongea. Hiyo ndiyo tagi ya maktaba, karibu neno kwa neno.

Mwaka 1973, Mmarekani Mario Cardullo alipata hataza ya tagi yenye kumbukumbu inayoweza kuandikwa na kufutwa. Mwaka huo huo Charles Walton akapata ya kadi inayofungua mlango bila ufunguo. Katika miaka hiyo ya 1970 wanasayansi wa Los Alamos, maabara iliyotengeneza bomu la atomiki, walikuwa wanatengeneza tagi za kufuatilia mali ya nyuklia na hata ng'ombe. Kwa hivyo wafugaji wangu wa Mwatate, ng'ombe alitagiwa kabla ya kitabu.

Kadi ya chipu nayo ina ukoo wake. Wajerumani wawili, Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff, waliiwaza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mfaransa Roland Moreno akapata hataza yake mwaka 1974, na mwaka 1983 Ufaransa ikaanza kuitumia kwa simu za vibanda. Mwaka 1991 ikaingia ndani ya simu ya mkononi, huko Finland. Ndiyo, laini yako ni kadi ya chipu. Kila siku unatembea nayo, na ndiyo iliyofanya M-Pesa iwezekane mwaka 2007. Ukisikia mtu akisema kadi za chipu ni mambo ya Ulaya, muulize anapokeaje pesa.

Singapore, 1998

Maktaba za kwanza kuchukua tagi kwa uzito zilikuwa za Singapore. Mwaka 1998 walijaribu kwa maktaba moja ya mtaani, Bukit Batok. Foleni za kuazima zilikuwa ndefu na watu walikuwa wanaongezeka. Walipoona imeshika, wakaeneza, na kufikia 2002 maktaba zao zote za umma zilikuwa na mfumo huo.

Inafanyaje kazi? Tagi ni kama stika. Ndani kuna chipu ndogo kuliko punje ya mchele na waya mwembamba uliozungushwa kama antena. Msomaji akiweka kitabu juu ya mashine, mashine inatoa mawimbi ya megahezi 13.56. Mawimbi hayo yanaipa chipu nguvu ya kuamka, nayo inataja namba yake. Haihitaji kuonekana, jalada halizuii. Weka vitabu vitano kwa mpigo, vyote vitano vinasomwa. Unagusisha kadi yako, mfumo unaunganisha namba ya kadi na namba za vitabu, na alama ya ulinzi ndani ya tagi inazimwa. Ukipita getini, geti linanyamaza. Ukipita na kitabu ambacho hakijaandikishwa, geti linalia.

Lakini mimi sivutiwi sana na geti. Kinachonivutia ni fimbo. Mkutubi anashika kifaa cha mkononi, anatembea polepole kando ya rafu, na kifaa kinasoma kila kitabu bila kukitoa. Kile kilichowekwa pahali si pake kinalia. Kazi ya kuhesabu vitabu ambayo ingefunga maktaba kwa siku kadhaa inakuwa matembezi.

Tunajua hii itasaidia wapi. Kuna ile tabia ya msimu wa mitihani, nakala ya mwongozo ni moja, wanafunzi ni hamsini, na mmoja anaificha nyuma ya ensaiklopidia kuukuu ili kesho aipate yeye peke yake. Hajaiba. Ameifanya isionekane. Fimbo inamaliza mchezo huo kabla ya chai ya saa nne.

Na mkutubi aliyekuwa anagonga mihuri sasa ana saa nzima ya kukaa na mtoto wa darasa la sita asiyejua kutafuta kitabu. Kama kaunti itanunua mashine halafu ipunguze wafanyakazi, tutakuwa tumenunua mashine ya kutunyima mtu. Na kwa kweli, mtu ndiye alikuwa anapungua tangu mwanzo.

Somo la BebaPay

Kabla hatujafurahi sana, tukumbuke matatu. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya nauli, BebaPay. Unagusisha, nauli imelipwa. Mwaka 2014 serikali nayo ikawa inasukuma matatu zote ziache pesa taslimu. Teknolojia ilifanya kazi. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa.

Kwa nini? Kadi haikuwa mbovu. Mfumo ulikuwa unategemea makanga na dereva ambao siku yao yote inaendeshwa na pesa ya mkononi, mafuta, chakula, na zile "gharama" za barabarani ambazo hazina risiti. Waliopaswa kuutumia hawakuona faida yao. Abiria naye aliona: kadi ikiwa haina pesa, je, nitembee?

Maktaba inaweza kurudia kosa hilo kirahisi. Tagi ni ghali kuliko stika ya bakodi, ambayo ni wino na karatasi tu, na kila kitabu kinahitaji yake. Geti linahitaji stima, na Voi tunaijua stima yetu. Mashine ikiharibika na fundi ako Nairobi, tunarudi kwa daftari. Kama mkutubi hakufundishwa na hakuulizwa, atairudisha kwenye boksi lake kimya kimya na kuendelea na mhuri. Na kama kadi yenyewe itakuwa ya kulipiwa, au itahitaji kitambulisho ambacho mtoto wa miaka 14 hana, basi tutakuwa tumebadilisha fomu ya mdhamini kwa fomu ya plastiki.

Viwango vipo tayari. Tangu 2011 kuna kiwango cha kimataifa cha tagi za maktaba, ISO 28560, kinachosema data ipangweje ndani ya chipu ili maktaba isifungwe na muuzaji mmoja. Kaunti ikinunua, iulize hilo kwanza. Ukinunua tagi ambazo zinasomwa na mashine za kampuni moja pekee, umeoa.

Nani anaona unachosoma?

Sasa turudi kwa ile karatasi iliyojua kusahau.

Mwaka 1982, mwanahistoria Maina wa Kinyatti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta alifungwa miaka 6. Kosa aliloshtakiwa ni kupatikana na maandishi ya uchochezi. Miaka michache baadaye, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari, iliyotoka mwaka 1986, ilikusanywa na polisi kutoka maduka ya vitabu. Hiyo ni Kenya hii hii, wazazi wetu wakiwa wadogo. Kulikuwa na wakati ambapo ulichosoma kilikuwa ushahidi.

Fikiria kama wakati huo kila maktaba ingekuwa na kompyuta inayokumbuka jina, kitabu, siku na saa, miaka yote. Trei ya Browne haingeweza kukusaliti kwa sababu haikuwa na cha kusema.

Najua utasema, mimi nasoma setibuku na riwaya za mapenzi, nani ana shida na mimi? Sawa. Lakini kuna msichana wa kidato cha tatu anayetaka kusoma kuhusu mwili wake na hawezi kumuuliza mtu. Kuna kijana anayesoma kuhusu msongo wa mawazo. Kuna mtu ameajiriwa na anasoma kitabu cha sheria za kazi kwa sababu bosi wake hamlipi. Mji wetu ni mdogo. Anayeketi kwa kompyuta ya maktaba huenda ni shangazi ya mwanafunzi mwenzako. Watu hao wakijua rekodi inabaki, hawataazima. Na maktaba ambayo watu wanaiogopa ni chumba cha kuchaji simu tu.

Tagi yenyewe nayo si bubu. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Molnar na David Wagner, walionyesha kwamba mtu mwenye kisomaji chake anaweza kuitambua tagi ya kitabu hata nje ya maktaba, kwa sababu namba yake haibadiliki. Umbali ni mdogo, haitamfikia mtu wa ng'ambo ya barabara. Lakini simu nyingi za siku hizi zinatumia mawimbi hayo hayo ya 13.56, na baadhi zinaweza kusoma tagi hizo. Kwa hivyo ndani ya tagi kusiwe na jina la kitabu, na kabisa kusiwe na jina la mtu. Namba tupu inatosha. Maana ya namba ibaki kwenye kompyuta ya maktaba, nyuma ya nywila.

Na kompyuta hiyo ifundishwe kusahau. Hili linawezekana leo. Koha, ile zawadi ya New Zealand, ina mpangilio wa kukata uhusiano kati ya jina lako na kitabu mara unapokirudisha. Maktaba inabaki ikijua kitabu kiliazimwa mara 40 mwaka huu, jambo zuri la kuombea bajeti, bila kujua ni akina nani. Ni Browne ndani ya kompyuta. Mtu anahitaji tu kuamua kuuwasha.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data ya mtu ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika na isiwekwe kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Historia yako ya kusoma haihitajiki tena baada ya kitabu kurudi kwenye rafu. Nani atasema inahitajika, na kwa kazi gani?

Tunaanzia wapi?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka maktaba chini ya kaunti. Hiyo inamaanisha uamuzi huu hautafanywa Nairobi peke yake. Utapita kwa bajeti yetu, kwa vile vikao vya kushirikisha umma ambavyo huwa vinajaa wazee na watu wa barabara na maji. Sisi huwa hatuendi. Halafu tunashangaa kwa nini hakuna aliyesema maktaba.

Mimi sitaki tununue kila kitu siku moja. Tuanze na maktaba moja, na vitabu vinavyotafutwa sana. Wakutubi wafundishwe kabla mashine hazijafika na waulizwe wanataka nini. Fimbo ije kabla ya geti, kwa sababu shida yetu kubwa ni vitabu tusivyovipata kuliko vitabu vinavyoibwa. Kadi ya mtoto iwe bure, na mwalimu wake atoshe kuwa mdhamini. Na siku mfumo unawashwa, ile mipangilio ya kusahau iwashwe pia, siku hiyo hiyo, na iandikwe ukutani kwa Kiswahili ili kila mtu aisome.

Kifaru wa Ngulia alitiwa chipu ili alindwe yeye, na hakuna aliyelalamika. Kitabu nacho kitiwe chipu kilindwe, lakini msomaji si kifaru wa mtu. Kwa hivyo wiki hii ukipita maktaba yoyote, ya umma, ya shule au ya chuo, muulize mkutubi kwa heshima swali hili: "Nikirudisha kitabu, rekodi yangu inafutwa lini?" Kama hajui, si kosa lake, pengine hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwombe aulize walio juu yake. Halafu kikao cha bajeti kikiitishwa, tupatane huko.